Mtoto wa Mstari wa Mwisho

Mliponiuliza juzi, pale darasani kwenu Malindi, ni njia gani iliyo bora ya kusoma faili ya maandishi mstari kwa mstari, nilinyamaza, nanyi mkacheka. Binti mmoja wa kiti cha mbele akasema kwa upole, "Bibi, kama umesahau si neno." Sikusahau, mwanangu. Kwenu hilo ni swali la mtihani, jibu lake liko kitabuni. Kwangu mimi swali hilo lina mtoto ndani yake, na kila nikiulizwa humwona kwanza yeye kabla sijaliona jibu. Nikawaambia nitawaandikia. Basi nimekaa, nimeandika.

Naitwa Rukia. Nimezaliwa Malindi, na umri wangu wote wa kazi nimeumaliza katika chumba cha kumbukumbu za wagonjwa cha hospitali moja ya huku kwetu pwani. Jina lake nitaliacha. Niliingia nikiwa mpiga chapa, nikatoka nikiwa mwandika programu, na kati ya hapo sikupelekwa chuo ila wiki tatu za Mombasa. Aliyenifunza ni Mzee Nzai, mkuu wa chumba chetu, mtu wa Rabai, mrefu, miwani yake imefungwa uzi upande mmoja. Hakuwa msemaji. Ukimpelekea programu yako aliisoma kwa sauti, neno kwa neno, mbele yako, kama mtu asomaye barua ya mwenziwe, na ukisikiliza vizuri ungejua mwenyewe wapi umeandika upuuzi kabla yeye hajainua macho.

Kosa langu la kwanza lilikuwa ulafi. Nilitakiwa kupitia rejista ya wagonjwa wa miaka mingi, iliyokuwa yote katika faili moja, nitafute waliokosewa tarehe ya kuzaliwa. Nikaandika programu iimeze faili nzima kwa mkupuo, kisha iikate mistari ikiwa nayo tumboni. Kompyuta zile zilikuwa na nafasi ndogo. Ikaanza kuguna, ikaguna, ikanyamaza. Na kwa kuwa dirisha la kuandikisha wagonjwa lilikuwa likitegemea kompyuta hiyo hiyo, foleni ikasimama asubuhi nzima, watu wakatoka nje hadi kwenye jua.

"Umeiambia ifanye nini?" akaniuliza Mzee Nzai.

"Isome faili."

"Yote?"

"Yote."

"Ulikuwa na haja nayo yote kwa pamoja?"

"La. Nilitaka mstari mmoja mmoja."

"Kisima huchotwa kwa kata, Rukia. Hakibebwi."

Lakini msije mkamtukana mtu kwa kuimeza faili nzima. Kama ni orodha ya zahanati ishirini ambayo haitakua, imeze, uikate, uendelee na shughuli zako. Njia hiyo ni fupi na haina mitego mingi. Uliza tu kwanza faili ina ukubwa gani leo, kisha ujiulize mwaka kesho itakuwa na ukubwa gani. Mimi sikuuliza la kwanza wala la pili.

Nikaenda upande wa pili, kama kawaida ya mtu aliyetishika. Nikasema sasa nitasoma kwa kipimo: kila mara mstari mmoja, ila usizidi herufi themanini, kwa kuwa niliona mistari yetu ni mifupi. Nilisahau majina ya watu wetu. Mtu huja na jina lake, la babake, la babuye, na mahali atokapo, na karani huandika yote bila kupumua. Mstari ukizidi themanini, programu yangu ilikata na kukifanya kipande kilichobaki kuwa mgonjwa mwingine. Siku hiyo karani wa dirishani alisimama akaita kwa sauti ya kuhutubia, "Wa Mwaringa, wa Mnarani, miaka mitatu!" Hakuna aliyejibu. Akaita tena. Mzee mmoja mwenye mkongojo akainuka polepole akasema, "Mwaringa ni babu yangu, na Mnarani ndiko nitokako. Ila miaka mitatu, mwanangu, hiyo niliipita kitambo." Watu walicheka mpaka muuguzi akatoka kuwatuliza. Ile tatu ilikuwa namba ya chumba cha daktari, iliyoangukia mahali pa umri. Mimi nilicheka nao, kisha nikakimbilia kompyuta. Nilijua katika faili ile mna wengine waliokatwa vipande, wala si wote wangesimama wakaniambia.

Mkisoma kwa kipimo, basi kila kipande kiulizeni: je, mstari umefika mwisho wake, au nimekatiza njiani? Kama umekatiza, kishike kipande hicho, ungoje kingine, uviunge.

Kisha ikaja ile lugha ya kuandikia programu yenye jina la herufi moja, ambayo mpaka leo naiheshimu na kuiogopa. Humo niliandika kama walivyoandika wengi: uliza kama faili imekwisha, kama haijakwisha, soma mstari, ufanyie kazi, uulize tena. Ukiisikiliza, haina kosa. Lakini faili haijui kwamba imekwisha mpaka ujaribu kusoma ukakosa. Ni kama kuuliza sufuria iliyofunikwa kama wali umekwisha. Hutapata jibu mpaka utie mwiko. Mimi nilikuwa nikiuliza kabla ya kutia mwiko, kisha narudia kula kijiko kilichokwisha kuliwa. Matokeo yake mstari wa mwisho ulikuwa ukipita mara mbili. Wakati huo tulikuwa tumeanza kutuma majibu ya maabara kwa simu, na mama mmoja akaja mbio hospitalini, kanga imemwanguka begani, simu mkononi. "Nimeletewa majibu mawili," akasema, "nami nina mtoto mmoja. Hili la pili ni la nani?" Nilimweleza nusu saa nzima. Aliondoka akiwa bado ananitazama kwa shaka.

Hapo ndipo nilipojitengenezea dawa yangu mwenyewe, na dawa hiyo ndiyo iliyokuja kuwa sumu. Nikaandika kitanzi, yaani amri inayojirudia, kinachosoma herufi moja moja na kuzikusanya mahali nilipopaita kikapu. Kikikutana na alama ile isiyoonekana ya mwisho wa mstari, kikapu hupelekwa kazini, kisha humwagwa, kikaanza upya. Hapana kumeza, hapana kukata, hapana kurudia mara mbili. Kilifanya kazi miaka na miaka bila kulalamika. Mzee Nzai mwenyewe alikisifu. Nikakiacha hapo, nikakisahau, kama mtu anavyosahau mlango aliokwisha kuufunga.

Sasa nisikilizeni vizuri.

Hospitali yetu ilianza kupima damu ya watoto wachanga kutafuta selimundu, ule ugonjwa wa kurithi ambao chembe za damu hujipinda kama mundu na kuziba mishipa. Huku pwani tunao. Mtoto akijulikana mapema huanzishiwa dawa ya kinga ya kila siku, na mamake huambiwa: akishika homa, hata kidogo, usingoje, mlete. Mtoto asiyejulikana hukaa nyumbani bila dawa, na homa moja inaweza kumwondoa. Tone la damu lilichukuliwa zahanatini siku ya chanjo, likawekwa kwenye kadi, kadi zikaletwa maabara, mashine ikazisoma na kutoa faili moja kila siku ya kazi. Mstari mmoja, mtoto mmoja. Programu yangu ikasoma faili na kutuma majibu kwa muuguzi wa kila zahanati, ya mzima na ya mgonjwa.

Mwaka wa mwisho wa Mzee Nzai kazini, mashine ile ikafa, ikaletwa mpya. Nilizilinganisha faili zake na zile za zamani kwa macho. Zilikuwa sawasawa. Nikasema twende.

Wiki chache baadaye akanipigia simu Umazi, muuguzi wa zahanati moja upande wa Ganda. Umazi alikuwa mwanamke wa sauti ya chini, ukimsikiliza lazima usogeze sikio.

"Dada Rukia, majibu yetu hupungua moja."

"Lini?"

"Kila siku tukileta kadi. Saba huwa sita, tano huwa nne."

Nikamwambia nitaangalia. Niliangalia kwa dakika tano. Programu ilikuwa haijatoa onyo lolote, na zahanati nyingine hazikulalamika. Nikajiambia: kama ni upande wa Ganda peke yake, basi tatizo liko njiani. Aliyeleta kadi za upande huo kwa pikipiki alikuwa Kazungu, mtu mzima, baba wa watoto wanne, na kwa kuwa njia yake ilikuwa ndefu kuliko za wote, ndiye aliyefika wa mwisho. Sikuona maana yoyote katika hilo. Niliandika kwenye ripoti ya wiki: "Baadhi ya kadi hupotea njiani kabla ya kufika maabara." Sentensi moja. Sikumtaja jina, lakini njia ile ilikuwa na mtu mmoja tu.

Kazungu akaitwa ofisini, nami nikiwapo.

"Mimi hubeba kisanduku chenye kufuli," akasema. "Ufunguo mmoja uko kwa Sista Umazi, mwingine uko maabara. Nitaangushaje kadi moja na kisanduku kimefungwa?"

Hakuna aliyekuwa na jibu, na kukosa jibu kukahesabiwa kuwa kosa lake. Akaambiwa akae nyumbani mpaka jambo lichunguzwe. Alipotoka alinitazama. Nami nikaitazama skrini, ambayo haikuwa na kitu.

Siku kumi zikapita, kadi zikawa zinaletwa na mtu mwingine. Asubuhi ya siku ya kumi na moja Umazi akapiga tena, na mara hii sauti haikuwa ya chini.

"Dada, jana nilituma kadi saba. Nimewapigia maabara, wamesema wamepokea saba na wamepima saba. Mimi nimepata majibu sita. Na Kazungu yuko nyumbani kwake. Sasa aliyeipoteza hii moja ni nani?"

Sikumbuki nilimjibu nini. Nikafungua faili ya jana. Watoto saba wa Ganda walikuwamo wote, wamekaa pamoja chini kabisa, kwa kuwa kadi zilizofika mwisho ndizo zilizotiwa mashineni mwisho. Nikafungua orodha ya ujumbe uliotumwa. Sita. Aliyekosekana alikuwa wa saba, na wa saba ndiye aliyekuwa mstari wa mwisho wa faili nzima.

Nikaichapisha programu, nikampelekea Mzee Nzai. Akavaa miwani, akaanza kusoma kwa sauti.

"Chukua herufi. Kama si alama ya mwisho wa mstari, tia kikapuni. Kama ni alama, peleka kikapu kazini, kisha kimwage. Rudia. Faili ikiisha, funga." Akarudia, "Faili ikiisha, funga. Na kikapu?"

"Kikapu kipi, mzee?"

"Faili imekwisha, Rukia. Kikapuni mna nini?"

Nikaketi. Mashine ya zamani ilikuwa ikitia alama mwishoni mwa kila mstari, na wa mwisho pia. Mashine mpya ilikuwa ikitia alama baina ya mstari na mstari, basi. Baada ya wa mwisho haikutia kitu. Kwa macho huwezi kuona tofauti. Programu yangu ilikuwa ikimkusanya mtoto wa mwisho herufi kwa herufi, jina lake, zahanati yake, majibu yake, ikamweka kikapuni, ikangoja alama isiyokuja, kisha ikafunga naye humo humo. Kila siku ya kazi. Tangu mashine ilipokuja.

Kurekebisha kulihitaji mstari mmoja: faili ikiisha, kama kikapu kina kitu, kipeleke kazini. Niliuandika kwa muda mfupi kuliko mnaoutumia kuusoma. Kisha nikaanza kufungua faili za nyuma, moja baada ya nyingine, nikienda moja kwa moja chini, kuanzia ya jana kurudi nyuma. Zilikuwa faili hamsini na tatu. Mzee Nzai alisimama nyuma ya kiti changu.

Mzima. Mzima. Aliyerithi kwa mzazi mmoja tu, si mgonjwa. Mzima. Kila nilipobonyeza nilisoma bismillahi. Nilipofika arubaini nilianza kujipa moyo. Ya arubaini na saba ilikuwa na herufi mbili za mgonjwa wa selimundu, ambazo nilizijua kabla macho hayajatulia.

"Mtoto wa Sidi," akasoma Mzee Nzai. "Ganda."

Sampuli ilikuwa ya wiki tisa zilizopita. Mtoto alikuwa na miezi miwili na kitu siku ile. Sasa alikaribia mitano. Kwenye kadi palikuwa na namba ya simu ya mama. Nikapiga. Haipatikani. Nikapiga tena. Haipatikani. Zile sita zilizobakia nikazimaliza huku simu iko sikioni, zote zilikuwa salama, na bado haipatikani.

"Yafaa Kazungu arudishwe," nikamwambia Mzee Nzai. "Kosa lilikuwa langu."

"Najua. Atarudishwa. Lakini mpigie wewe."

Nikampigia. Nikamweleza yote, upesi, nikiogopa kusita.

"Huyo mtoto yuko wapi?" akauliza.

"Kwao Ganda. Simu hazipatikani."

"Nyumba za huko nazijua. Nakuja kukuchukua."

Nikapanda nyuma ya pikipiki ya mtu niliyemsimamisha kazi. Tulipoacha lami na kushika njia ya mashamba, akapunguza mwendo, akasema bila kugeuka, "Bi Rukia, mwanangu wa pili aliniuliza kama nimeiba."

"Niwie radhi, Kazungu."

"Tumpate mtoto kwanza," akasema.

Umazi alitungoja zahanatini, akapanda pikipiki nyingine, tukafuatana. Nyumbani kwa kina Sidi tulimkuta mavyaa yake, mama wa mumewe, bibi mmoja aliyekuwa akipukuchua mahindi uani. Tulimwamkia shikamoo, akaitikia, akatutazama sisi watatu na jasho letu.

"Sidi hayupo," akasema. "Kaenda kwa mamake, Rabai. Wiki mbili sasa. Mtoto alikuwa halali, kulia tu, mikono na miguu imemvimba kama maandazi. Tukasema akapumzike kwao."

Nikamtazama Umazi. Aliinamisha uso. Uvimbe ule wa mikono na miguu, akanieleza baadaye, ndiyo hodi ya ugonjwa huo kwa watoto wadogo.

Jirani mmoja alikuwa na namba ya mamake Sidi. Umazi akapiga, akaweka sauti juu tusikie sote. Akapokea bibi wa Rabai.

"Mtoto yuko vipi, mama?"

"Yuko. Ila mwili una moto tangu jana. Tumempa dawa ya maji ya dukani."

"Mama, nisikilize. Apelekwe hospitali sasa hivi. Msingoje jua lipungue."

"Kwa gari gani, mwanangu? Huku gari hupita asubuhi, na asubuhi imekwisha."

Hapo nikamkumbuka Mzee Nzai na kwao. Nikampigia. Hakuuliza maswali mengi. "Niambie nyumba iko karibu na nini," akasema, "nina mpwa wangu huko ana gari ya mizigo." Bibi wa Rabai, aliyekuwa bado kwenye simu ya Umazi, akataja kanisa, akataja kisima cha pampu. Simu ikakatwa, tukabaki uani.

Nimefanya kazi za haraka nyingi, wanangu, lakini kungoja kule ndiyo kazi iliyonichosha kuliko zote. Umazi aliketi akapukuchua mahindi na bibi. Kazungu alikuwa akiifuta pikipiki ambayo haikuwa na vumbi tena. Mimi nilikuwa nikitazama kile kialama cha chaji kwenye simu yangu kikipungua, nikiogopa kupiga ili chaji isiishe, nikiogopa kutopiga. Adhuhuri ikapita. Bibi akatuletea uji wa muhogo. Alasiri ilipokaribia, simu ikalia. Alikuwa Mzee Nzai.

"Wamefika. Wamempokea. Ametiwa dripu na kuchomwa sindano." Akaongeza, "Daktari ameuliza kwa nini mtoto huyu hayuko kwenye dawa."

Siku tatu hatukujua kama atapona. Siku ya nne homa ikashuka. Siku ya tisa akatoka, na dawa yake ya kila siku mkobani mwa mamake.

Sasa niwajibu swali lenu, kwa kuwa najua mtanung'unika kwamba bibi kazunguka. Lugha mnayofunzwa nyinyi, ile yenye jina la nyoka, inawapa njia iliyo safi: kwa kila mstari katika faili, fanya hivi. Haibebi kisima chote, haikati majina, haisahau mstari wa mwisho hata kama hauna alama. Itumieni hiyo, na muifungue faili kwa namna ambayo itajifunga yenyewe mkimaliza au mkianguka njiani. Mkumbuke kwamba kila mstari huja na alama yake mkiani, muikate. Na mkitumia lugha nyingine, faili zikitoka kwenye kompyuta za aina nyingine huja na alama ya ziada mbele ya ile, ambayo hamtaiona, ila itayafanya majina mawili yaliyo sawa yaonekane tofauti. Na mkimeza faili nzima mkaikata wenyewe, mtazame mwisho, mara nyingine hubakia mstari mtupu mkafikiri ni mtu.

Lakini hata mkichagua njia iliyo bora, hesabuni. Wangapi wameingia, wangapi wametoka. Umazi hakujua programu hata moja. Alikuwa na daftari na kalamu, akahesabu, akanishinda mimi na miaka yangu yote.

Wiki sita baada ya hapo Sidi alirudi Ganda, akaja zahanatini siku ya kliniki, nami nikaenda. Hakuna aliyenituma. Nilimkuta kwenye benchi, mwanamke mdogo wa umbo, mtoto mapajani anatafuna ncha ya kanga. Nikajitambulisha, nikamwambia kazi yangu, nikamweleza kilichotokea kwa maneno mepesi kadiri nilivyoweza. Alinisikiliza mpaka mwisho.

"Kwa hivyo majibu yake mlikuwa nayo tangu mwanzo," akasema.

"Tulikuwa nayo."

"Mashine haikukosea."

"Haikukosea. Nilikosea mimi."

Nilikuwa nimejiandaa kutukanwa. Nilikuwa hata nimejiandaa kusamehewa. Hakufanya mojawapo. Alimfuta mtoto mate kidevuni, akaniuliza, "Na hao wengine? Umesema walikuwa hamsini na tatu. Mama zao mmewaambia?"

Tulikuwa hatujawaambia. Majibu yao tuliwatumia wauguzi siku ile ile kosa lilipogunduliwa, kwa kuwa walikuwa wazima, na jambo likaonekana limekwisha. Nikamwambia hivyo. Akamfunga mtoto mgongoni, muuguzi akaita jina lake, akaingia ndani.

Nilirudi kazini, nikamwambia Mzee Nzai aliloniuliza Sidi. Akakuna shingo.

"Wazima wale, Rukia. Ukiwapigia utawatia hofu bure. Na hospitali haitapenda."

"Najua."

"Utasema nini?"

"Nitasema jibu la mtoto wako lilikaa kwangu wiki kadhaa wala sikujua. Ni mzima. Lakini lilikaa kwangu."

Akavua miwani, akaifuta, akaivaa tena. Kisha akavuta kiti upande wa pili wa meza yangu. "Nipe nusu ya orodha," akasema.

Ilituchukua siku nne. Wengine hawakuelewa tunachoombea radhi. Wengine walishukuru, jambo lililonichoma zaidi. Mmoja wa Mnarani alinitukana kwa ufasaha mpaka nikamheshimu. Na mmoja, nilipomaliza kusema, hakujibu neno. Nilimsikia akipumua, na kwa mbali nilisikia mtoto akicheka na mtu, nami sikuthubutu kukata simu kabla yake.